Sinema Aliyoisimulia Muhsina Edani

Ukitaka kumjua Muhsina binti Ghanim, mbishie hodi. Hakufungulii kwa hodi ya kwanza, hata kama sauti yako anaijua. Atauliza nani, utajibu. Atauliza uko na nani, utajibu uko peke yako. Kisha atachungulia kwenye ufa wa mlango aridhike kwa macho yake mwenyewe. Majirani zake wa Wadi Kabir, mtaa wa Maskati, walimcheka kwa hilo, naye aliwaacha wacheke. Aliwahi kufungua mlango mara moja bila ya kuuliza, Unguja, mwezi wa Januari mwaka wa sitini na nne, na wale walioingia walitoka na ami yake. Hawakumrudisha.

Alifika Maskati mwaka uliofuata, yeye na mumewe Ishaq, fundi seremala, na sanduku moja la nguo. Walipanga chumba kwa Bi Hind, mjane wa Kiomani aliyezaliwa papo hapo na ambaye hakuwahi kuvuka bahari. Mtu wa safari alikuwa marehemu mumewe, aliyefanya biashara ya karafuu Unguja, naye alimwachia mkewe nyumba ya udongo ya vyumba vitatu na Kiswahili cha kuombea maji. Ishaq akapata kazi ya kuchonga milango. Muhsina akashona kofia, tundu kwa tundu, zikauzwa sokoni Matrah. Maisha hayakuwa mabaya. Ila Muhsina alikuwa na donda lake. Ndugu yake wa pekee, Aflah, alibaki Unguja.

Aflah alibaki kwa sababu alipata kazi, na hiyo kazi ndiyo iliyozaa mambo yote haya. Serikali mpya ilileta sinema za Wachina. Gari lilikwenda mtaa kwa mtaa na shamba kwa shamba, Unguja na Pemba, likatundikwa shuka jeupe uwanjani, watu wakaketi chini, na kwenye shuka wakatokea Wachina masikini: wakulima, wahunzi, wanawake wenye watoto migongoni. Kichina hakuna aliyekijua. Basi kando ya shuka alikaa mtu na kipaza sauti akawasemea wote kwa Kiswahili, na mtu huyo alikuwa Aflah. Alikuwa kijana wa skuli mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Tajiri akitukana, Aflah alitukana. Mama akilia, Aflah alilia. Hakusema kwamba mwanamke yule anasema mwanawe amekufa. Alisema, "Mwanangu amekufa," na uwanja mzima ukafuta machozi.

Maneno alipewa kwenye karatasi, akayafanyia mazoezi nyumbani, na Muhsina akishona pembeni alijikuta ameyahifadhi yote. Sinema moja ilimkaa moyoni kuliko nyengine. Ilikuwa ya mwanamke kibarua wa mashamba ya mpunga. Mwenye shamba alimnyang'anya hata mpunga wa mbegu, mwanawe akafa kwa njaa, akamzika chini ya mti ukingoni mwa mto. Usiku akatia moto ghala la tajiri. Mwisho wakaja askari wenye nyota nyekundu, tajiri akafungwa kamba, na yule mwanamke akafundishwa kuandika jina lake.

Muhsina aliiona uwanjani mara moja tu. Alimlilia yule mama kwa kweli, machozi ya ndani kabisa. Lakini tajiri wa kwenye shuka alikuwa na tumbo kama la ami yake, na alipofungwa kamba watu walipiga makofi huku wakigeuka kuangalia nani hapigi. Muhsina akapiga. Alirudi nyumbani anajichukia, akamwambia nduguye asimtajie tena habari za Wachina.

Mwaka wa sitini na saba Ishaq alishikwa na homa, siku ya sita akafa. Muhsina akaingia edani, miezi minne na siku kumi chumbani kwa Bi Hind. Na eda ina desturi zake. Kila alasiri wanawake huja na birika la kahawa na sahani ya tende wamkalie mfiwa asiwe peke yake. Mfiwa akinyamaza, wananyamaza naye. Akisema, wanamsikiliza, wala hakuna wa kumdadisi kwa analolisema, maana machozi ya mwenye eda hayaulizwi yametoka wapi.

Mwezi wa kwanza walisema yote yaliyokuwepo ya kusemwa. Mwezi wa pili kahawa ilinywewa kwa kuangaliana. Alasiri moja Bi Hind akamsihi: "Ya binti, sema kitu. Kitu chochote. Moyo iko taabani."

Muhsina akasema kile kilichomjia. Hakupiga paukwa, wala hakusema kulikuwa na mtu. Alianza kama Aflah alivyokuwa akianza, na maneno yakatoka kwa sauti ya Aflah: "Mimi ni kibarua. Shamba si langu, na mpunga si wangu. Nna mtoto mmoja..." Wanawake waliotoka Unguja walikwishatambua kabla hajafika mbali, wakacheka kidogo, wakalia kidogo. Bi Hind hakuwahi kuona sinema maisha yake. Maskati nzima haikuwa na shuka moja lililotundikwa kwa kazi hiyo. Alimwona mjane aliyevaa nguo za eda akisema kwa machozi kwamba alimzika mwanawe chini ya mti. Akajifunika uso kwa shela lake, akalia mpaka magharibi. Wala hakuuliza. Angeulizaje?

Eda ikaisha, mambo yakapita. Mwaka wa pili ukaja waraka uliobebwa na msafiri kutoka Dubai. Aflah ametoka Unguja. Ameacha kipaza sauti, amepita Mombasa, sasa yuko Dubai anabeba magunia bandarini na analala ghalani. "Dada," aliandika, "niombee ruhusa ya kuingia. Koo linanisumbua, sauti inakwaruza, nikimeza naona tabu. Sitaki kutibiwa ugenini. Nitatibiwa nikifika kwako."

Basi kuanzia hapo Muhsina hakuwa na jengine duniani. Mume amekufa, mtoto hakujaaliwa, amebaki na Aflah. Ombi likapelekwa afisini kwa wali, mkuu wa mji, Muhsina akaandika nduguye anavyoitwa na anakotoka. Kazi yake akaandika ukarani. Hakutaja sinema. Siku zile jina la Mchina halikuwa jina la kutajwa Maskati. Kule Dhofari, kusini mwa nchi, kulikuwa na vita, na kila mtu alikuwa amesikia kwa mtu mwengine kwamba bunduki za waasi na vitabu vyao vinatoka China. Mtu aliyekula mshahara wa Wachina, akawasemea Wachina kwa mdomo wake mwenyewe, nani angempigia muhuri?

Ndipo shaka ilipohamia nyumbani. Muhsina alikumbuka alasiri ile ya edani, akaanza kuwapitia wanawake waliokuwepo, mmoja mmoja, usoni. Macho yake yakaganda kwa Mahfoudha. Mahfoudha alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mzaliwa wa Pemba, mwanamke mnene mwenye kicheko na maswali. Alitaka kujua kila kitu. Aflah atafika lini? Alikuwa akifanya kazi gani vile? Sauti yake si ndiyo ile iliyokuwa...

"Iliyokuwa nini?" Muhsina alimkata.

"Ah, shoga, nauliza tu."

"Kuuliza si bure."

Tangu siku hiyo akimwona Mahfoudha anakuja, anajifanya anaswali. Zamani alimpa uzi, sasa alimwambia uzi umekwisha, na uzi umejaa kapuni. Mahfoudha akaendelea kuja, tena anacheka vilevile, na hilo ndilo lililomzidishia Muhsina wasiwasi. Mtu hafukuziki bure, alijisemea. Ana lake huyu.

Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na tisa, alasiri, kahawa imekwishamiminwa, ikabishwa hodi. Muhsina akauliza nani.

"Suud."

Suud alikuwa mkwe wa Bi Hind, mume wa bintiye. Kwao kulikuwa Unguja, alikuja Maskati mwaka mmoja na Muhsina. Tena alikuwa karani afisini kwa wali, na maombi yote ya ruhusa yalipita mkononi mwake. Pazia likateremshwa, wanawake wakakaa ndani, Suud akakaa barazani upande wa pili akaleta salamu ndefu za kistaarabu. Kisha akasema:

"Bi Muhsina, niwie radhi. Nimesikia neno kuhusu wewe, na nnalo ombi la nduguyo mezani kwangu. Inasemwa wewe huko ulikotoka ulitia moto ghala la bwana shamba. Na walipokuja askari wa mapinduzi uliwashangilia. Nimeona nikuulize mimi kabla hajakuuliza mwengine."

Muhsina alimgeukia Mahfoudha kwa jicho ambalo kama lingekuwa kisu, Mahfoudha angekufa hapo hapo. Lakini hakuwa na wakati wa hasira. Alikuwa amenaswa, na alikuona vizuri kunaswa kwake. Akisema ndiyo, yeye ni mtu wa mapinduzi na ndugu wa mtu wa mapinduzi. Akisema ile ilikuwa sinema, ataulizwa sinema ya nani. Ya Wachina. Uliielewaje, unajua Kichina? Nilifasiriwa. Na nani?

"Bwana Suud," Muhsina akasema, "hiyo ni ngano. Ngano ya kuchezea watoto. Aliyekuletea ameikosea."

"Basi nipigie hiyo ngano."

"Sasa hivi?"

"Nna wasaa."

Muhsina akafumba macho. Akasema, na sauti ikamtoka nyembamba: "Paukwa."

Kukawa hakuna wa kuitikia. Wanawake waliogopa hata kuvuta pumzi, maana kuitikia ni kushuhudia kwamba ndivyo alivyoanza siku ile. Halafu kutoka pembeni, kwa sauti kubwa ya mtu asiyemwogopa karani wala wali, akaitikia Mahfoudha:

"Pakawa!"

Na wengine wote wakafuata. Muhsina akaipiga. Kibarua akawa binti wa masikini, na "mimi" akawa "yeye." Bwana shamba akamfanya jini mwenye tumbo kubwa anayekula mpunga wa kijiji. Askari wa nyota nyekundu akawafanya ndege wekundu. Alipofika kwenye kaburi la mtoto alitaka kuliruka asiweze, akalisema kama lilivyo, chini ya mti, ukingoni mwa mto. Hadithi ikaisha, mwema akaishi raha mustarehe, na Mahfoudha akapiga makofi peke yake.

Suud akainuka, akavaa viatu, tena taratibu. Alipokwisha akasema kwa Kiswahili kile kile cha mjini kwao, bila ya kucheka: "Ngano nzuri. Nami niliisikia kule kwetu, Bi Muhsina, uwanjani. Aliyeipiga alikuwa na sauti, wallahi, sijasikia sauti kama ile. Alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema neno la majonzi."

Akaaga, akaenda zake.

Amejua. Muhsina hakulala siku tatu. Suud anamjua Aflah, anakijua hata kikohozi chake. Mbona basi hakumkamata pale pale? Na kwa nini alisema, kama si kumwonyesha kwamba kamba iko mkononi mwake?

Siku ya nne Bi Hind alimwendea analia. Alikuwa ameyasikia yote kutoka nyuma ya pazia na hajayaelewa hata sasa. "Mimi iko sema kwa Suud," alikiri. "Mimi. Nasema huyu miskini, mume yake kafa, mtoto yake kazikwa chini ya mti, tajiri kampiga, yeye kachoma ghala, askari kuja yeye kafurahi. Nasema, ya Suud, mhurumie, mpe ruhusa ndugu yake upesi. Mimi nataka kheri, ya binti."

Miaka miwili yule bibi alikuwa akimhurumia Muhsina kwa mtoto ambaye Muhsina hakumzaa. Muhsina akamkumbatia, na alimkumbatia kwa mapenzi. Mwengine angeishia hapo: angekwenda kwa Mahfoudha na kapu la uzi akaomba radhi, akasema mashaka mengine humtafuna mwenyewe. Muhsina alikwenda kweli, akapeleka uzi, akaomba radhi, na Mahfoudha akacheka akamwambia, "Shoga, mimi nilikuwa nauliza kwa sababu nilikuwa nikiipenda ile sauti. Nilikuwa nikifuata gari kutoka Wete mpaka Chake." Lakini shaka ni kama mchwa, ukiwafukuza ukutani huhamia darini. Aliiondoa kwa Mahfoudha akaiweka yote kwa Suud.

Kwa hivyo mwezi wa nne, ruhusa ya Aflah ilipoletwa, ina jina, ina muhuri, ina tarehe, Muhsina aliishika kwa vidole viwili. Mbona imekuja mara moja hivi? Wengine wanangoja miaka. Karani anayejua kila kitu anatoa ruhusa, kwa nini, kama si kumwita mtu aje mwenyewe mpaka langoni, ashikwe akiwa na miguu yake? Januari ile pia walibisha kwa adabu.

"Mpelekee nduguyo," Mahfoudha alimwambia. "Unangoja nini?"

"Nangoja mtu mwaminifu wa kumpa."

Hakumpa mtu. Aliikunja karatasi akaiweka chini kabisa ya kapu la kofia, na kwa msafiri wa Dubai akatuma waraka mfupi: "Bado, ndugu yangu. Vuta subira." Alijiambia anamwokoa. Aflah akajibu kwamba anavuta. Waraka uliofuata alisema sauti inazidi kupotea, lakini atangoja, matibabu ni huko huko kwa dada. Muhsina akauweka waraka huo pamoja na ruhusa, akashona kofia juu yake mwaka mzima.

Julai ya mwaka wa sabini mfalme akabadilishwa, milango ikafunguliwa, na watu wa Unguja wenye asili ya Omani walioko nje wakaitwa warudi nchini, tena kwa furaha. Watu walicheza ngoma njiani. Muhsina aliogopa siku tisa nzima, akiamini kwamba hata hilo lina kitu ndani yake, kisha akatuma waraka: njoo. Jibu likatoka Bombay. Aflah alikuwa amezidiwa, watu wa bandarini walimchangia wakampeleka huko.

Alishuka kwenye meli ya Bombay mwezi wa Novemba, mwembamba, kitambaa cheupe kimezungushwa shingoni. Muhsina alimwona kutoka mbali akapiga kelele jina lake. Aflah akanyanyua mkono. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Madaktari walikuwa wamekiondoa kivimbe kooni, na sauti yote ilikwenda nacho. Alikuwa na kijidaftari na kalamu, na neno la kwanza alilomwandikia dadake lilikuwa salamu, la pili lilikuwa hili: "Daktari kasema ningekuja mwaka mmoja kabla, ingebaki."

Alasiri ile nyumba ya Bi Hind ilijaa. Kahawa, halua, Mahfoudha analia na kucheka pamoja. Suud alikuja, akamkumbatia Aflah barazani kama ndugu aliyempotea, akamshika mabega. Pazia siku hiyo halikuteremshwa, ilikuwa furaha.

"Sauti yako ilinitoa machozi mimi," Suud akasema. "Nikajiambia, mtu huyu hana kosa, alikuwa akila kwa jasho lake, sote tulipiga makofi. Nikaikimbiza karatasi yako kwa miguu yangu. Mbona hukuja, bwana? Tangu mwezi wa nne mwaka jana!"

Aflah alimtazama Suud. Kisha akamgeukia dada yake. Akaandika kitu kwenye daftari, akakifuta, akaliweka chini.

Muhsina akainuka. Akaenda chumbani, akatoa kofia moja moja kapuni, akarudi na karatasi. Aflah akaifungua. Akapitisha kidole kwenye jina lake, kwenye muhuri, kikasimama kwenye tarehe. Hapo kikakaa. Aliinua uso, na mtu aliyewasemea maelfu hakuwa na hata mmoja wa kumsemea yeye.

Watu wote walikuwa wanamtazama Muhsina. Bi Hind akamsogelea, akamshika mkono, akanong'ona kama alivyonong'ona edani: "Ya binti, sema kitu."

"Mimi," Muhsina akasema, na safari hii hapakuwa na sinema nyuma ya neno hilo. "Mimi ndiye niliyeificha."

Aflah akaikunja karatasi vizuri, kwa mikunjo yake ya zamani, akamrudishia.